Tunawahimiza wanamichezo wakubwa "watafute msaada". Siri yao inalala wapi?

MkonoMwepesi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke kiti apite, atarudi wikiendi.

Kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, vilabu na vyama vya michezo hutoa bango. Mchezaji ameshika kichwa, pembeni kuna maneno ya kumwambia asione aibu kuomba msaada. Keshokutwa bango limeshafunikwa na matokeo ya mechi. Mimi kazi yangu ni kuchua misuli ya wanariadha, nilianzia Iten kule Kenya na sasa niko Arusha. Katika wote niliowaona wakienda kwa mtaalamu wa akili, hakuna aliyepelekwa na bango. Walikwenda kwa sababu mtu wanayemwamini aliwahakikishia kwamba kocha hatajua na meneja hatajua.

Ngoja nieleze mazingira, maana wengi wetu watu hawa tunawajua kwenye televisheni tu.

Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Alhamisi asubuhi kuna fartlek: barabara ya vumbi, watu zaidi ya mia kwenye kundi moja, wanakwenda kasi, wanapunguza, wanakwenda kasi tena. Humo ndani yupo bingwa wa dunia na yupo kijana aliyefika juzi na viatu vya kuazima. Mchana wanakuja mezani kwangu. Mtu analala kifudifudi, uso umeingia kwenye tundu la kitanda, haoni macho yako. Anaongea na sakafu. Pale mezani nimesikia mambo ambayo daktari wa timu hatakaa ayasikie.

Huanza na mguu. "Mguu mzito, fanya hapa nyuma ya goti." Unapapasa: nyama laini, uvimbe hakuna, joto hakuna. Unamuuliza habari za usingizi. Kimya kidogo, halafu anasema anaamka saa nane usiku na halali tena mpaka wenzake waanze kufunga kamba za viatu. Chakula je? Ugali haupiti. Ukimuuliza kama ameongea na mtu yeyote, hofu zote zinatoka kwa mkupuo: kocha ataniondoa kwenye kundi la mbele, meneja hatanipa mbio za Ulaya msimu huu, nikimeza dawa za hospitali nitanaswa kwenye vipimo, nyumbani watasema nimelogwa. Na nyuma ya huyo mmoja kuna ada za wadogo zake, mkopo wa ploti, na mjomba anayesubiri kununuliwa ng'ombe wa maziwa. Hapo hujamgusa hata mguu wa pili.

Hofu zake si za kijinga. Mchukulieni Robert Enke, kipa wa Hannover 96 na timu ya taifa ya Ujerumani. Alijitoa uhai Novemba 10, 2009, akiwa na miaka 32. Wengi husema angepata daktari mapema angepona. Daktari wa akili alikuwa naye, aliwahi kutibiwa miaka kadhaa kabla na alikuwa amerudi kwake. Kesho yake mkewe, Teresa, alikaa mbele ya waandishi akaeleza kwamba mumewe aliogopa jambo hilo likijulikana angepoteza mpira, na angenyang'anywa binti waliyekuwa wamemuasili. Kwa hiyo alikwenda mazoezini, akadaka, akarudi nyumbani. Klabu haikujua. Ujerumani, nchi yenye madaktari na bima, mtu alishindwa kwa kuogopa siri yake itatoka.

Huku kwetu tuna Henry Rono. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Olimpiki hakukimbia hata moja, maana Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Pombe ikamchukua kwa miaka mingi. Kuna wakati mtu aliyekuwa na rekodi nne kwa mpigo alikuwa anabeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Albuquerque, Marekani. Baadaye aliiacha chupa, na alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 72. Vijana wa Iten wanaijua habari yake, ila wanaisimulia kama kichekesho cha mlevi. Nani atainua mkono aseme na mimi nakunywa kila siku, huku anajua atageuzwa hadithi?

Sasa geuza upande wa pili. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alijitoa kwenye fainali ya timu Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, baada ya kuruka mara moja na kupoteza mwelekeo hewani. Dunia nzima ikambishania. Paris 2024 alirudi, akachukua dhahabu tatu na fedha moja. Siku ya fainali ya timu pale Paris alisema wazi kwamba asubuhi hiyo, mnamo saa moja, alianza na kikao na mshauri wake. Asubuhi ya fainali! Kwetu mwanariadha akionekana anaongea na mshauri wiki ya mashindano, meneja anaanza kutafuta wa kumbadilisha.

Hoja yangu basi: kabla ya kuwaambia "tafuteni msaada", tuwaoneshe mlango usiopita ofisini kwa anayewalipa. Huo mlango uwekwe wapi? Nawasilisha.

Jangwani_Damu

Nimesoma mpaka mwisho, ila mkuu mnawalea. John Stephen Akhwari, Mexico 1968, alianguka, goti likateguka, akafungwa bandeji akamaliza marathoni giza limeingia, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Alikuwa na mshauri? Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch 1974 akiongoza mwanzo mwisho. Mshauri wake nani? Mimi naendesha bodaboda, saa kumi na moja niko kijiweni, sonona nitaipatia wapi nafasi. Mtu analipwa mamilioni analia mawazo.

MkonoMwepesi

@Jangwani_Damu nakuheshimu, na Akhwari ni mzee wetu sote. Ila angalia picha yake tena. Bandeji inaonekana. Uwanja mzima uliona anaumia na ndiyo maana ulimpigia makofi. Ninaowazungumzia wanaingia uwanjani bandeji haionekani, na wakichechemea unawazomea wewe. Jumamosi iliyopita pale Kwa Mkapa ulimwita beki wenu jina gani?

Jangwani_Damu

Yule alistahili 😂 lakini nimekuelewa kidogo. Endelea.

KipaWaTatu

Nimekaa kimya kwenye jukwaa hili miaka, leo naandika. Nimedaka Ligi Kuu, klabu sitaitaja wala msijaribu kubahatisha.

Tulicheza ugenini, mpira wa kawaida kabisa ukanipita katikati ya miguu dakika za mwisho. Usiku ule simu iliwaka. Matusi ya mashabiki nilishayazoea. Kilichonivunja ni kwamba mama yangu, ambaye alijifunza kutumia simu janja ili anione mimi, aliyasoma yote, na asubuhi akanipigia kuniuliza kama ni kweli nimekula hela. Tangu siku hiyo nikawa nikisikia mpira wa kona unapigwa, mikono inakufa ganzi. Mazoezini nadaka, mechi ikianza mikono si yangu.

Nikaenda kwa daktari wa timu, mtu mwema tu. Akaniandikia barua ya kuonana na mwanasaikolojia, nikaenda, tukaongea vizuri sana. Ripoti ikarudi klabuni kwa sababu klabu ndiyo iliyolipa. Haikupita wiki, mwandishi mmoja wa redio akanipigia: "Kaka, tunasikia una matatizo ya akili, ungependa kulizungumzia?" Ripoti ilikuwa imewekwa kwenye grupu la WhatsApp la viongozi. Mkataba wangu uliisha Juni, hakuna aliyenipigia. Klabu mbili zilizokuwa zinanitaka nazo zikakaa kimya.

Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi. Nilitafuta msaada, nikaupata, na msaada huo ndio ulionimaliza.

MtoYala

Wueh. @KipaWaTatu pole sana kaka.

Mimi ni Mkenya, wa upande wa Siaya. Sisi tuna Conjestina Achieng. Nyinyi wadogo hamuwezi kujua ilivyokuwa: alikuwa anapigana ngumi na kijiji kizima kinajazana kwenye runinga moja, wanaume kwa wanawake. Alipougua, ugonjwa wake ulikuwa mali ya umma. Kamera zilimfuata Mathari, hospitali ya akili kule Nairobi, zikamfuata nyumbani kijijini. Kila mgeni aliyekuja na unga na sukari alikuja na mpiga picha. Mwaka 2022 Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi, alimchukua akampeleka Mombasa kutibiwa, na hata safari ile tuliitazama kwenye simu. Simlaumu, angalau alifanya kitu, na wenye dhamana ya ndondi walikuwa wapi miaka yote hiyo? Lakini bondia chipukizi akitazama vile anajifunza nini? Kwamba ukisema unaumwa kichwani, utaonyeshwa taifa zima ukiwa na kanga kiunoni.

BintiKeiyo

Wanaume mmeongea, niongeze la upande wetu.

Kwa wasichana wengi wa mbio ndefu, kocha, meneja na mume ni mtu mmoja. Alimkuta msichana akiwa shule, akamfundisha kukimbia, akamuoa. Akaunti ya benki iko kwa jina lake, hati ya shamba iko kwa jina lake, na simu analala nayo yeye. Sasa wewe mwambie huyo dada apige namba ya ushauri nasaha. Atapigia simu ya nani?

Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika 2015, shaba mbili za mita 10,000 katika mashindano ya dunia, na Septemba 2021 kule Ujerumani akaweka rekodi ya kilomita 10 za barabarani kwa mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Baada ya mazishi ndipo wenzake waliposimama: wakina Viola Cheptoo, Joan Chelimo na Mary Keitany wakaanzisha Tirop's Angels ili msichana anayeteswa awe na mahali pa kusema. Viola alikimbia marathoni ya New York Novemba mwaka huohuo akiwa na majonzi yale, akamaliza wa pili.

Nilichokipenda kwao ni kwamba wanaopokea wasichana ni wakimbiaji wenzao. Anayekusikiliza anajua uzito wa kushindwa kufuzu, anajua kupunguza kula mpaka hedhi inakatika miezi na kocha anakusifu kuwa sasa umekuwa mwepesi. Hilo la hedhi naliacha kwa siku nyingine, lina uzi wake. Na Septemba 2024 tukamzika Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa marathoni wa Uganda, mwezi mmoja tu baada ya Olimpiki ya Paris, amemwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Trans Nzoia. Kwa hiyo wakati mwingine hayo mnayoita mawazo ni hofu ya mtu mliyelala naye chumba kimoja, na dawa yake ya kwanza ni mahali pa kulala pengine.

Sista_Zamu

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, hospitali ya rufaa, Tanzania. Nimeitwa na mtu PM nije kujibu, nimekuja. Nitajibu yale ambayo wanamichezo wenyewe huniuliza.

La dawa kwanza, maana ndilo linalowazuia wengi kuliko mnavyodhani. Dawa za sonona za kawaida tunazoanza nazo hazimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. Hakuna atakayefungiwa kwa kutibiwa sonona. Zipo dawa chache, hasa za kundi la vichangamshi wanazopewa wenye shida ya umakini, ambazo zinakatazwa siku za mashindano mpaka uwe na kibali cha matumizi kwa tiba. Unachotakiwa kufanya ni kumwambia daktari sentensi moja unapokaa tu: mimi ni mwanamichezo, napimwa. Atachagua akijua. Kinachowaponza ni kununua dawa ya usingizi dukani kwa kuelekezwa na rafiki, hujui umemeza nini.

Wale walio kwenye orodha ya kupimwa bila taarifa, ambao kila siku wanatoa saa moja ya kupatikana: ukilazwa, badilisha mahali ulipo kwenye mfumo siku hiyohiyo. Mapungufu matatu (kukosekana au kutotoa taarifa sahihi za ulipo) ndani ya miezi 12 ni kosa, na aliyelazwa na simu yake imezimwa anaweza kuyafikisha bila kujua. Anayekuamini mmoja awe na nywila yako kwa ajili hiyo.

Siku ya kwanza inakuwaje? Watu wanadhani kuna kitanda na kamba vinawangoja. Unakaa kwenye kiti. Tunakuuliza usingizi, hamu ya kula, kilevi, kama mambo uliyokuwa unayapenda bado yana ladha, na tunakuuliza moja kwa moja kama umewahi kuwaza kujiua. Usishtuke. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, kunampa nafasi ya kupumua. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ina dodoso lake la wanamichezo, linaanza na maswali 10 tu, mtu analijaza kabla chai haijapoa. Timu yoyote inaweza kulitumia, sharti majibu yaende kwa mtu wa afya na yasipite kwa kocha.

Siri: unachoniambia kinabaki kwangu na kwa daktari. Kuna mlango mmoja tu wa kukiuka, nao ni pale maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, na hata hapo nitakwambia wewe kwanza ni nani ninampigia. @KipaWaTatu, ulichofanyiwa ni kosa kubwa. Aliyelipa bili hana haki ya kusoma ulichosema.

Ndugu zetu wa Kenya, Msalaba Mwekundu wana namba ya bure, 1199. Na kwa wanaoogopa polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kile kifungu cha 226 kilichokuwa kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakiuka katiba. Kwenda kliniki kusema una mawazo hayo si kosa.

Mzee_wa_Haydom

Nimesoma yote, wanangu. Sisi huku Mbulu tumetoa wakimbiaji wengi. Mbona hamgusi maombi? Mambo mengine si ya hospitali.

Sista_Zamu

Shikamoo mzee. Maombi tunayakubali, mchungaji na shehe ndio wanaotuletea wagonjwa wengi. Ninachoomba ni kwamba anayeombewa asikatazwe dawa. Padri mmoja ninayemfahamu akimaliza kusali anamsindikiza mtu mpaka getini kwetu mwenyewe. Nikipata kumi kama yeye nitashukuru.

Mzee_wa_Haydom

Marahaba. Hapo sawa.

KochaWaMbio

Samahani, mnatugeuza makocha kuwa maadui na nimeona hakuna anayetutetea.

Mimi nina kundi. Mwanariadha akianza dawa bila kuniambia, Jumamosi nitampa kilomita 38 kama wenzake. Dawa zile wiki za mwanzo zinaweza kumtia usingizi au kichefuchefu. Akianguka njiani, nani mwenye makosa? Kocha lazima ajue. Na isitoshe, nikijua naweza kumtetea kwa meneja nikasema ana jeraha la nyama za paja. Nimeshafanya hivyo.

MkonoMwepesi

Kocha, unasema wewe ungemtetea na nakuamini. Lakini yeye anajuaje? Ameona mwenzake aliyekuja kwako akalia, na wiki iliyofuata jina lake halikuwa kwenye orodha. Labda uliliondoa kwa sababu nyingine kabisa. Kambini hakuna anayejua sababu, wanaona mfuatano tu.

Ninachopendekeza ni mwanariadha akuambie mzigo, asikuambie sababu. "Kocha, niko kwenye matibabu, daktari amesema wiki tatu nipunguze." Wewe unapunguza, huulizi ni tumbo au ni kichwa. Siku akiona anaweza kukuambia yote atakuambia.

Halafu hilo la kusema ana jeraha la paja, nalielewa, umefanya kwa nia njema. Ila ona maana yake: hata wewe unayemtetea unajua kwamba ukweli ungemkosesha mbio.

KochaWaMbio

Hilo la mwisho limeniingia.

Niwaambie kitu kilichofanya kazi kambini kwangu, na mimi sikukipanga. Tuna mwanariadha mwandamizi, ana medali, wadogo wanamwogopa. Jioni moja mezani, anamega ugali, akasema tu Jumatatu hatakuwepo mazoezi ya jioni kwa sababu anakwenda kwa mshauri wake Eldoret, kama anavyokwenda kila wiki tangu mwaka jana. Hakuhutubia. Akaomba apewe sukuma wiki. Kijana mmoja akauliza, mshauri wa nini, wa shamba? Akajibu, wa kichwa, nilikuwa silali. Wakaendelea kula. Siku chache baadaye vijana wawili kwa nyakati tofauti walimwomba namba. Kwangu hakuja hata mmoja, na sasa naelewa kwa nini.

BintiKeiyo

Hapo kocha umeongea. Mtu wa kwanza awe mwenzako anayekushinda mbio. Mimi nikiambiwa na daktari nasema yeye hajui. Nikiambiwa na aliyeniacha mita 200 Jumanne, nasikiliza.

MtoYala

Na mashabiki je? Maana tunasema vilabu, makocha, mameneja, sisi hatumo. Kelvin Kiptum, mkimbiaji wetu wa marathoni, alipofariki kwenye ajali Februari 2024, watu mtandaoni wakamzushia mkimbiaji mwenzake Eliud Kipchoge kwamba ana mkono. Bila ushahidi wowote, mtu amekaa tu na bando lake. Baadaye Kipchoge alisema BBC kwamba alitishiwa kuchomewa nyumba, kwamba alipoteza karibu asilimia 90 ya marafiki, na wanawe wakaacha kwenda shule kwa baiskeli kwa kuogopa. Agosti akaenda Paris, marathoni ikamshinda akatoka njiani, mara ya kwanza katika maisha yake ya marathoni. Sisemi kimoja kilisababisha kingine, alikuwa na mgongo pia. Nasema kama mtu yule, mtulivu kuliko wote tuliowahi kuwa nao, alitikisika, kijana wa miaka 20 atafanyaje.

Jangwani_Damu

Kipchoge hapo walimwonea kwa kweli. Mimi yule beki nitampunguzia, ila asirudie kuokoa mpira kwa kisigino ndani ya boksi.

Swali kwa sista. Unamjuaje mtu kabla hajafika huko? Kuna dogo mtaani kwetu alikuwa na timu ya daraja la kwanza, ameumia kifundo, miezi sasa. Alikuwa mcheshi, siku hizi hata kijiweni haji.

Sista_Zamu

Jeraha refu ni wakati mbaya sana kwa mchezaji, pengine kuliko kufungwa. Ratiba imekufa, wenzake hawapigi simu, na yeye bila mpira hajui ajitambulishe kuwa nani. Angalia usingizi wake, angalia kama kilevi kimeongezeka, kama ameacha hata mazoezi ya kuponya kifundo chenyewe. Na ukiona anagawa vitu, mfano viatu vyake vya mpira na jezi alizokuwa anazitunza, usisubiri kesho.

Usimwite kijiweni mbele ya watu. Wewe una pikipiki, mpakie, mtembee. Mkiwa wawili muulize: unalala? Umewahi kufikiria kwamba bora usiwepo? Akisema ndiyo, usimhubirie na usimwache peke yake siku hiyo, mlete hospitali yoyote ya rufaa ya mkoa, kitengo cha afya ya akili. Akisema hapana, mtembee tena wiki ijayo.

Jangwani_Damu

Sawa sista. Jioni nitapita kwao.

MkonoMwepesi

Naomba mods wauache uzi huu juu. Wenye taarifa za kliniki za Moshi, Mwanza, Dodoma na Eldoret wekeni hapa: siku gani, saa ngapi, na mlango gani. Hasa mlango, kuna sehemu kitengo cha akili kina bango kubwa linalotazama stendi na hakuna mchezaji anayejulikana atakayepita pale mchana. Nitapanga kwenye posti ya kwanza.

KipaWaTatu

Sista, swali la mwisho kwangu. Niko timu nyingine sasa, daraja la chini, na bima ni ya klabu. Nikija kwa bima, taarifa zinarudi kwao?

Sista_Zamu

Bima inaona huduma uliyopewa, maneno uliyosema haiyaoni. Lakini kwa yaliyokupata, siku ya kwanza njoo kama raia, lipa taslimu, bima tutaizungumza ukishamfahamu daktari wako. Njoo Jumatano mchana, foleni inakuwa imepungua.

KipaWaTatu

Na risiti inaandikwaje?

Sista_Zamu

Kwetu inaandikwa jina, tarehe, "kumwona daktari bingwa", na kiasi.